Mwanangu wa miaka tisa kapewa IQ ya 68 kwa Kiingereza na mkalimani wa simu. Je, kipimo hiki ni haki?

Mama Riziki

Habari za leo ndugu zangu. Naomba mawazo yenu, hasa mlioko Marekani au mnaojua mambo ya saikolojia.

Sisi ni Wabembe wa Fizi, Kongo, ila miaka yetu mingi tumeimaliza kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, na Riziki kazaliwa huko huko. Tulifika Marekani akiwa na miaka saba, sasa ana tisa. Bibi yake humsemesha Kibembe. Mimi na baba yake tunamsemesha Kiswahili chetu cha Kongo. Shule ya kambini alifundishwa kwa Kifaransa, maana watoto wa Kongo kule hufuata masomo ya Kongo. Huku ni Kiingereza, na akiwa na wenzake uwanjani anakiongea bila shida.

Shule ikasema hasomi vizuri, wakaomba nisaini apimwe. Nikasaini. Juzi karatasi zimekuja: IQ, yaani alama ya kipimo cha akili, 68. Wameandika kwamba iko chini ya 70, huenda ana ulemavu wa akili, na wanapendekeza ahamie darasa maalumu. Kipimo kilikuwa kwa Kiingereza, na pale aliposhindwa walimpigia simu mkalimani wa Kiswahili. Nilimuuliza mtoto ilikuwaje. Akaniambia: "Mama, yule wa kwenye simu anaongea Kiswahili cha redio. Nilikuwa bado nafikiri amesema nini, yule mama mwenye saa akafungua ukurasa mwingine."

Mtoto huyu ndiye anayekwenda na bibi yake duka la dawa, akarudi anamweleza kidonge kipi cha asubuhi na kipi cha usiku. Baiskeli anayopanda ameiunga mwenyewe kutoka kwenye baiskeli mbili mbovu, mnyororo wa hii, gurudumu la ile. Lakini kusoma kweli hasomi vizuri, sitawadanganya.

Mkutano ni Alhamisi ijayo. Kipimo kama hiki ni haki kwa mtoto wa lugha nne? Na nikikataa kusaini, nitakuwa namnyima msaada?

Takwimu254

Pole dada. Mimi nafanya kazi na takwimu na ninaheshimu vipimo. Nakubali sehemu ya maneno inaweza kumwonea. Lakini vipimo hivi vina sehemu za maumbo na vitofali ambazo hazina lugha ndani yake. Pembetatu ni pembetatu Nairobi, Fizi na Chicago. Kwa hiyo angalia alama zake za picha peke yake. Zikiwa nazo ziko chini, usiseme ni lugha.

Mkalimani wa Pwani

Mama Riziki, pole sana. Mimi ni mkalimani wa Kiswahili mashuleni huku Marekani, na kabla ya kuja nilikuwa napima watoto pwani ya Kenya, kwenye utafiti wa watoto waliougua malaria kali. Kiti cha mpimaji nimekikalia, na cha mkalimani nakikalia mpaka leo. Nitaandika kirefu, nivumilie.

Ninachoamini kwa dhati ni hiki: hiyo namba 68 haikustahili kuandikwa. Sisemi mwanao hana tatizo, wala sisemi analo. Nasema kwa namna alivyopimwa hakuna namba inayoweza kutoka pale, na aliyeiandika kwenye karatasi ameipa uzito ambao haina.

IQ haisomwi kama joto la mwili. Ni kulinganisha. Wastani wa watoto wa umri fulani umewekwa kuwa 100, na anayeangukia chini ya 70 ni kama wawili katika kila mia ya hao waliotumika kulinganishia. Swali la kwanza la mzazi basi ni: amelinganishwa na nani? Kipimo kinachotumika sana mashuleni huku ni WISC, na toleo lake la tano la 2014 lililinganishwa kwa watoto 2,200 wa Marekani, waliopimwa kwa Kiingereza. Hakuna kikundi cha watoto waliozaliwa Nyarugusu, wakasemeshwa Kibembe na bibi, Kiswahili na mama, wakafundishwa kuhesabu kwa Kifaransa.

Sasa nikueleze kinachotokea pale mezani mkalimani akiingia. Maswali ya maneno yamepangwa kutoka rahisi kwenda gumu, na ugumu huo ulipatikana kwa kuwapima watoto wa Kiingereza. Kuna pia kanuni ya kusimama: mtoto akikosa maswali kadhaa mfululizo, mpimaji anafunga sehemu hiyo na kwenda nyingine. Mimi nikitafsiri, ule mpangilio unavunjika. Neno lililokuwa la mwanzoni kwa Kiingereza linageuka la vitabuni kwa Kiswahili, na lililokuwa la mbele kabisa linageuka la jikoni, kila mtoto analijua. Lakini mtoto hafiki huko. Amekosa yale magumu yaliyoingia mbele, na ukurasa umefungwa. Alichokuambia Riziki kuhusu kufunguliwa ukurasa mwingine ndicho kilichotokea, na amekisimulia vizuri kuliko ripoti.

Jingine ni kurudia namba. Mpimaji anataja tarakimu moja moja, mtoto anazirudia, zinaongezeka mpaka ashindwe. Watu hudhani namba ni namba. Hebu zitamke: moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, saba, nane, tisa. Hakuna hata moja yenye silabi moja. Za Kiingereza karibu zote ni silabi moja, isipokuwa ile ya saba. Na kumbukumbu ya muda mfupi hushika kile ambacho mtu anaweza kukitamka kimoyomoyo kwa sekunde chache, kwa hiyo mwenye majina marefu anashika machache. Mwaka 1980 watafiti Ellis na Hennelly walilionyesha hili kwa watu wa Wales wanaojua lugha zote mbili: mtu yule yule alishika namba nyingi zaidi kwa Kiingereza kuliko kwa Kiwelisi, kwa sababu namba za Kiwelisi huchukua muda mrefu zaidi kutamkwa. Watoto wa Wales walikuwa wakionekana dhaifu katika sehemu hiyo kwa sababu ya urefu wa maneno tu. Sasa muulize Riziki usiku huu anahesabu kwa lugha gani kichwani. Kama ni Kifaransa, alikuwa anatajiwa kwa Kiswahili, anashika kwa Kifaransa, na anajibu kwa Kiingereza. Huo si mtihani wa kumbukumbu tena.

Aina ya tatu ni maswali ya kufanana. Maswali halisi siwezi kuyataja, yanatunzwa na nimeapa, nitatunga langu: jembe na panga vinafanana nini? Ukisema "vyote ni zana", alama kamili. Ukisema "vyote tunakwenda navyo shambani", unapata pungufu au hupati kitu. Wapo watu wazima wenye akili zao timamu ambao wangejibu hivyo hivyo. Kule Liberia, watafiti waliokuwa na Michael Cole waliwapa Wakpelle vitu vya kupanga. Kisu kikawekwa na chungwa, kiazi na jembe, kwa kuwa kisu hukata chungwa na jembe huchimbua kiazi. Wakasema mtu mwenye busara hupanga hivyo. Joseph Glick, mmoja wa watafiti hao, akawauliza, je, mjinga angepangaje? Papo hapo wakapanga vyakula huku, zana huku, barabara kabisa kama kitabu cha kipimo kinavyotaka. Walikuwa wanajua tangu mwanzo. Hawakuona kama ndiyo akili inayoulizwa.

Ndugu Takwimu254, nije kwako. Umesema pembetatu haina lugha. Mwanasaikolojia Robert Serpell, aliyefanya kazi Zambia miaka mingi, alitoa utafiti mwaka 1979 kuhusu watoto wa Zambia na watoto wa Manchester. Aliwapa umbo la kuiga kwa njia mbalimbali. Kwa kalamu na karatasi, wa Uingereza wakashinda. Kwa waya, Wazambia wakashinda, maana watoto wale hutengeneza magari ya waya tangu wadogo. Kwa udongo wakalingana. Sasa chagua mwenyewe: ukileta karatasi peke yake utasema watoto wa Zambia wana upungufu wa kuona maumbo, ukileta waya peke yake utasema hivyo hivyo kuhusu watoto wa Manchester. Na hapo kwenu Kenya, Embu, watoto wa miaka saba walipimwa kwa mafumbo ya picha ya Raven mwaka 1984, wakapimwa wengine wa umri huo huo mwaka 1998, na alama zilikuwa zimepanda sana. Damu ya watu wa Embu haikubadilika kwa miaka kumi na minne. Watafiti walitaja wazazi waliosoma zaidi, lishe, na familia zenye watoto wachache. Kipimo cha picha nacho kinakula kile mtoto alicholelewa nacho.

Na hizo sehemu za vitofali zina saa. Mtoto aliyefunzwa kutulia mbele ya mtu mzima, asiguse mpaka aambiwe, anapoteza alama kwa adabu yake. Kule pwani tulikuwa tukifika bomani, tunatandika mkeka chini ya mkorosho, na mtoto anakaa anakutazama mikono hasemi neno. Tulikuwa tunacheza naye kwanza, wakati mwingine tunaambua kunde pamoja na mama yake, mpaka yeye mwenyewe aanze kuuliza maswali. Baada ya hapo ndipo karatasi zinatoka. Na maswali yale yalikuwa yameshatafsiriwa kwa Kigiriama na Kiswahili, yakarudishwa Kiingereza na mtu mwingine asiyeona ya mwanzo, picha zikabadilishwa, yakajaribiwa kwa watoto, mengine yakatupwa. Mwisho watoto wa pale walilinganishwa na watoto wa pale. Ni kazi ya miezi na miezi. Mtu wa simu hawezi kuifanya kwa dakika arobaini huku spika inakwaruza.

Takwimu254

Asante Mkalimani. Ya Embu nilikuwa sijui, na ni hoja nzito. Lakini mbona ndani ya fani kuna njia ya kugundua maswali yenye upendeleo? Unachukua watoto wa makundi mawili waliopata jumla sawa, unaangalia swali moja moja. Swali ambalo kundi moja linalikosa zaidi ingawa jumla zao ziko sawa, unaling'oa.

Mkalimani wa Pwani

Ipo, na ni njia nzuri. Ila inataka mamia ya watoto wa kila kundi. Wabembe wa miaka tisa wenye Kiswahili cha Kongo na Kiingereza cha miaka miwili utawapata wapi wa kutosha? Na ina ufa mwingine: kama maswali yote yanawaonea kwa kiasi kile kile, hakuna litakaloonekana limetoka mstarini. Jumla yenyewe ndiyo imepinda.

Mkongo wa Yeoville

Nachangia kidogo kutoka Johannesburg. Huku sheria ya usawa kazini ya 1998, kifungu cha 8, inakataza kumpa mfanyakazi kipimo cha saikolojia isipokuwa kimeonyeshwa kisayansi kuwa sahihi na cha kuaminika, kinaweza kutumika kwa haki kwa wote, na hakina upendeleo dhidi ya mtu wala kundi. Mwombaji kazi naye anahesabiwa humo. Niliomba kazi ya ghala, wakanikalisha mbele ya kompyuta nifanye mafumbo ya maneno ya Kiingereza na saa inakimbia. Nikawauliza kwa heshima: kipimo hiki kimethibitishwa kwa watu ambao Kiingereza ni lugha yao ya tatu? Hawakuwa na jibu, wakaniita kwa mahojiano na jaribio la kupanga mzigo. Mama Riziki, swali hilo moja uliulize Alhamisi. Uliza taratibu, halafu subiri wajibu.

Mwalimu wa Kitengo

Mama Riziki, salaam kutoka Dodoma. Nafundisha kitengo cha elimu maalumu katika shule ya msingi. Nakubaliana na Mkalimani, ila nina hofu moja, nayo ni kwamba mzazi akishajua kipimo kina kasoro huwa anafunga mlango wote. Nimewaona watoto wanaokaa darasa la nne hawajui kuandika majina yao kwa sababu nyumbani walisema "mwalimu kamchukia tu". Mtoto anayehitaji msaada na asiupate naye ameonewa.

Kwa hiyo naomba nikuulize yale ninayowauliza wazazi wangu hapa. Alitembea lini, alianza kusema lini, ukimlinganisha na kaka na dada zake? Ukimtuma vitu viwili kwa mpigo, "lete ndoo halafu mwite baba", anakumbuka vyote? Bibi akimpa hadithi kwa Kibembe, kesho yake anaweza kuirudia kwa mpangilio? Anasikia vizuri? Macho yamepimwa? Na kuna ugonjwa mkubwa wowote aliupata utotoni?

Maswali haya hayatafuti alama. Yanatafuta kama shida iko katika lugha zote au ni huku Kiingereza peke yake. Mtoto mwenye ulemavu wa akili hana ulemavu wa Kiingereza tu. Utauona hata Kibembe, hata mchezoni.

Mama Riziki

Nimesoma yote, na baba yake nimemsomea. Mungu awabariki.

Mwalimu, nakujibu. Alitembea kama wenzake, kusema aliwahi hata kumzidi dada yake. Ukimtuma vitu viwili analeta. Macho yamepimwa hapa shuleni, masikio sina hakika. Ugonjwa: akiwa na miaka mitatu alishikwa na malaria, akapata degedege, alilala hospitali ya kambi hajitambui karibu siku mbili. Baada ya hapo alikuwa mkimya kwa muda. Hadithi za bibi anazipenda, lakini nikifikiria vizuri, akizirudia anaruka katikati, dada yake humalizia. Sikuwahi kulihesabu kama ni jambo. Shuleni sikulisema, hakuna aliyeniuliza.

Je, nikilisema sasa si nitakuwa nimewapa sababu?

Kuhusu kuhesabu, nimemuuliza. Anahesabu kwa Kifaransa. Namba zinazozidi ishirini ndizo za Kiingereza.

Mkalimani wa Pwani

Mama Riziki, liseme. Liseme mwanzoni kabisa mwa mkutano, na liandikwe. Hiyo ndiyo kazi niliyokuwa nikiifanya: watoto waliopata malaria ya kichwani, wengi hupona bila alama yoyote, baadhi yao hubaki na shida katika lugha, katika umakini, katika kumbukumbu, wengine na kifafa kisichoonekana kwa urahisi, cha kukodoa macho sekunde chache na kurudi. Kuna msaada wake maalumu, na hautolewi katika darasa la watoto wenye ulemavu wa akili. Mtoto anayeruka katikati ya hadithi lakini anakumbuka dozi ya bibi yake na kuunga baiskeli si picha ya 68 hata kidogo. Ni picha ya mtoto mwenye nguvu sehemu moja na udhaifu sehemu nyingine, na wastani mmoja unazifukia zote mbili. Kwa hiyo sasa nina sababu mbili za kuikataa ile namba: imemwonea, na pia imemficha.

Na wako waliopita njia hii kabla yako. Mwaka 1970, California, mji wa Soledad, kaunti ya Monterey, watoto tisa wa familia za Kimeksiko waliokuwa wakisema Kihispania nyumbani walikuwa wamewekwa darasa la wenye upungufu wa akili baada ya kipimo cha Kiingereza. Wazazi wakaenda mahakamani. Watoto wakapimwa upya wakiruhusiwa lugha zote mbili: saba kati ya tisa wakavuka kikomo, na kwa wastani wakapanda pointi 15. Kesi hiyo, Diana dhidi ya Bodi ya Elimu ya jimbo, iliisha kwa makubaliano kwamba watoto wapimwe kwa lugha yao. Mwaka 1975 Bunge la Marekani likaiweka kanuni hiyo katika sheria ya elimu ya watoto wenye ulemavu, ambayo leo inaitwa IDEA.

Inavyokuhusu wewe ni hivi. Tathmini lazima ifanywe kwa lugha ya mtoto na kwa namna itakayoonyesha kweli anachojua, isipokuwa pale inapokuwa haiwezekani kabisa. Kipimo kimoja peke yake hakitoshi kuamua. Mtoto hawezi kutangazwa mlemavu kama sababu kuu ni kwamba Kiingereza chake bado hakijakomaa. Ulemavu wa akili hauthibitishwi kwa alama tu, lazima pia ionekane kwamba maisha yake ya kila siku yana upungufu, na hapo ndipo duka la dawa na baiskeli vinaingia kama ushahidi, usivione ni vitu vidogo. Na kama hukubaliani na tathmini yao, una haki ya kuomba tathmini ya mtu wa nje kwa gharama ya wilaya ya shule. Wakikataa kulipa, ni wao wanaopaswa kwenda kuthibitisha kwamba ya kwao ilikuwa sawa.

Watakuambia mambo mawili, jiandae. La kwanza: "lakini anaongea Kiingereza vizuri na wenzake." Jim Cummins, mtafiti wa lugha wa Kanada, alilieleza hili zamani, baada ya kupitia mamia ya ripoti za kisaikolojia za watoto wahamiaji. Kiingereza cha uwanjani huja kwa miaka kama miwili. Kiingereza cha vitabu na mitihani huchukua mitano hadi saba. Riziki yuko katikati kabisa ya pengo hilo, mahali ambapo wapimaji hukosea zaidi.

La pili: "hakuna kipimo cha Kibembe wala cha Kiswahili cha Kongo." Ni kweli, hakipo. Lakini kukosekana kwa kipimo si ruhusa ya kuandika namba. Kuna njia nyingine, na moja ilijaribiwa kwetu, karibu na Bagamoyo. Wanasaikolojia Sternberg na Grigorenko na wenzao wa Tanzania waliwapima watoto wa shule za msingi, wakawafundisha kwa muda usiofika saa moja jinsi ya kuyakabili maswali ya aina ile, kisha wakawapima tena. Utafiti ulitoka 2002. Alama zilipanda, na zile za mara ya pili zilieleza uwezo wa mtoto vizuri kuliko za mara ya kwanza. Mwombe mwanasaikolojia amfundishe Riziki aina ya swali kwanza, kwa lugha anayoitaka mtoto, halafu aangalie anajifunza kwa kasi gani. Asome kidogo kwa Kifaransa pia, waone kama shida ya kusoma iko huko nako. Na bibi yake ahojiwe, kwa Kibembe, na mkalimani aliyeketi chumbani.

Mwalimu wa Kitengo

Hapo umenena. Naongeza moja tu: wale wawili wa Soledad ambao hawakuvuka hata kwa lugha yao. Kesi husimuliwa kwa ajili ya wale saba, lakini wale wawili huenda walihitaji mwalimu. Mama Riziki, ukikataa darasa, omba papo hapo msaada wa kusoma aanze nao wiki hii, asingoje tathmini mpya iishe. Na masikio yapimwe kabla ya yote. Malaria kali inaweza kuyagusa, na mtoto asiyesikia vizuri anaonekana hafikirii.

Takwimu254

Dada, nimebadilisha shauri langu la mwanzo. Usiombe alama za picha peke yake. Omba ripoti nzima, alama za kila sehemu moja moja. Zikitofautiana sana, kama Mkalimani alivyosema, ile jumla peke yake haielezi mengi, isomwe kwa tahadhari.

Mama Riziki

Nimeandika barua kwa msaada wa binti wa kanisani, ukurasa mmoja. Nimeweka: lugha zake nne na ipi kwa kazi gani, degedege la miaka mitatu, mkalimani wa simu na alichosema mtoto, duka la dawa, baiskeli, hadithi anazoruka katikati. Nimeomba masikio yapimwe, msaada wa kusoma uanze sasa, tathmini mpya ya mtu wa nje, na alama za kila sehemu. Nimeomba pia mkalimani wa kuketi nasi, anayejua Kiswahili cha Kongo.

Swali la mwisho. Mwaka jana kwenye mkutano wa aina hii walinipa karatasi mlangoni nikasaini bila kujua ni ya nini. Safari hii nikikataa kusaini chochote, si wataandika sikufika?

Mkalimani wa Pwani

Hiyo ya mlangoni kwa kawaida ni ya mahudhurio, inaonyesha tu nani alikuwepo. Isaini, lakini mwombe mkalimani akusomee kichwa chake kabla hujashika kalamu, na pembeni ya jina lako andika "nimehudhuria". Ya kukubali huduma za elimu maalumu kwa mara ya kwanza ni karatasi nyingine kabisa, na bila sahihi yako hawawezi kuzianza. Hiyo sema utaisoma nyumbani, uiombe kwa lugha unayoielewa, uondoke nayo. Ile barua yako toa nakala mbili, moja waipige muhuri wa tarehe mbele yako ubaki nayo.